Nilijipimia sindano ya nguvu za kiume kwa hesabu ya mbuzi: yaliyonikuta hapa Meru

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa kwa miaka mingi. Nasoma, nacheka, naondoka. Leo naandika mimi, na kila kitu kilinipata kwa mwili wangu huu. Majina ya hospitali na ya madaktari nimeyaacha nje, na mtanisamehe mkishajua ni sehemu gani ya mwili.

Mama Swaleh, mke wangu, anajua naandika. Amesema niandike bila kujipamba.

Kilichonisukuma ni mteja wangu wa siku nyingi. Wiki iliyopita alininong'oneza juu ya meza ya nyama kama namjua mtu anayeuza "ile sindano ya wanaume", anataka ajidunge mwenyewe nyumbani. Nilishika kisu nikasahau nilikuwa nakata nini. Nikamwambia, ngoja, hii nitaiandika yote.

Sasa, mimi ni nani.

Nina bucha hapa Meru mjini, si mbali na soko la Gakoromone. Baba yangu alikuwa mchinjaji, babu pia. Babu alikuja huku akiswaga ng'ombe, na ukiuliza alitoka kabila gani, kila shangazi ana jibu lake. Sisi tunajiita Waislamu wa mjini, basi, yanaisha hapo.

Umri wangu ni miaka hamsini na nne. Kilo tisini na nane. Hizo kilo zikumbukeni.

Mama Swaleh ni wa Kanja, kule Embu. Nilimpata Runyenjes, huko huko Embu, nikiwa kijana wa kununua mbuzi sokoni. Alikuwa na ndizi zake chini, mbuzi wangu mmoja akakata kamba akala mkungu mzima, na badala ya kunitukana akacheka mpaka akakaa chini. Nikasema moyoni, huyu simwachi. Mpaka leo akicheka anakaa chini.

Miaka ishirini na sita ya ndoa, wakuu. Watoto wawili, wako shule. Yeye bado anauza ndizi, siku hizi kwa pickup, na anaendesha vizuri kuliko mimi.

Halafu sukari ikaja.

Wenye sukari mnajua. Mwanzoni ni kiu na kukojoa kila saa. Baadaye, polepole, jogoo akakataa kuwika. Mara moja, nikasema ni uchovu. Mara ya pili, nikasema ni mawazo. Mara ya tatu nikaacha kusema.

Kosa langu la kwanza halikuwa sindano. Lilikuwa sofa.

Nilianza kulala sebuleni. Nikamwambia mke wangu mgongo unauma, kitanda ni laini sana. Siku nyingine mpira. Siku nyingine nakoroma, sitaki kumsumbua. Nilinunua blanketi langu la kijivu, likawa linaishi kwenye sofa kama mpangaji. Miaka miwili hiyo.

Na yeye hakuuliza. Alipika vile vitu ninavyopenda. Siku moja akavaa leso mpya, akapita mbele yangu mara tatu. Mimi nikaongeza sauti ya TV. Nikikumbuka hiyo leso hadi leo roho inaniuma.

Mwisho nikaenda hospitali. Lakini si Meru! Meru nani hanijui? Nikasema nyumbani naenda kuangalia mbuzi Runyenjes, nikapitiliza mpaka Embu mjini kwa daktari wa mambo ya wanaume.

Akanipima vizuri. Sukari, presha, moyo. Akaanza na vidonge. Nikapata kuumwa kichwa tu, jogoo kimya. Akaniambia kwa watu wenye sukari hutokea, kuna njia nyingine, lakini hiyo inataka adabu. Ndiyo hii sindano.

Najua kuna mkuu atauliza kwenye comment inadungwa wapi. Ndiyo, ni pale pale. Ubavuni, si juu wala chini. Na mimi nilishtuka. Lakini sindano ni nyembamba kama ya insulini, na kusema ukweli uoga unauma kuliko sindano yenyewe.

Mara ya kwanza alinidunga yeye, hapo kliniki, dozi ndogo sana. Nikakaa kwenye kiti nikisoma kalenda ya ukutani. Baada ya kama dakika kumi, wakuu, nikaona mtu niliyemzika miaka miwili ameamka! Machozi yalinitoka. Daktari akaangalia dirishani kwa heshima.

Hakuniruhusu kuondoka mpaka ikatulia. Halafu akanionyesha namna ya kuvuta dawa, akachora mstari kwa kalamu nyekundu kwenye bomba la sindano la mfano. "Hapa. Usipite hapa. Ikikataa, usirudie siku hiyo, nipigie simu." Akaniandikia karatasi. Dawa ikae kwa friji. Leo upande huu, siku nyingine ule. Ukishadunga, bana na pamba dakika kadhaa. Mara moja tu kwa siku, na si kila siku. Usichanganye na vile vidonge. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: IKISIMAMA ZAIDI YA MASAA MANNE, HOSPITALI MARA MOJA.

Kisha akasema, "Siku ingine kuja na mama. Ni vizuri mujifunze wawili."

Nikamjibu, "Mama ako na kazi mingi, daktari."

Uongo. Nilitaka mke wangu aone nimepona tu. Nilitaka arudi kunitazama vile alivyonitazama Runyenjes, bila kujua kuna chupa. Dawa nikaificha kwenye friji ya bucha, ndani ya kopo nililoandika CHANJO YA MBUZI.

Jaribio la kwanza nyumbani lilienda vibaya. Nilichomoa sindano mapema, nusu ya dawa ikamwagika kwenye ngozi, matokeo yakawa nusu nusu. Nikamwambia Mama Swaleh nimekumbuka kuna kazi dukani. Aligeukia ukuta.

Hapo ndipo ningepaswa kumpigia daktari simu. Sikupiga.

Wakuu, sasa sikieni ujinga wa mtu mwenye ujuzi.

Mimi nimedunga mbuzi dawa zaidi ya miaka ishirini. Najua, najua, ni kazi ya daktari wa mifugo, lakini ukinunua mbuzi mbali sokoni na mmoja anakohoa, unafanyaje? Na kwa mbuzi sheria ni moja: dawa ni kwa kilo. Mnyama mkubwa, dawa nyingi. Mnyama mdogo, dawa kidogo. Mimi nikimshika mbuzi mgongoni na kidarini nakutajia kilo zake, na mizani ikija inakubaliana nami. Watu hunipigia makofi kwa hilo.

Basi nikakaa na ile chupa nikawaza. Huyu daktari hata hakuniweka kwenye mizani siku ya kuchora mstari. Mbuzi wa kilo thelathini anavuta zaidi ya hapa. Mimi ni kilo tisini na nane. Huu mstari ni wa kuku!

Nikavuta mara mbili ya mstari.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane kasoro robo mchana. Nilikuwa nimefunga bucha mapema, Mama Swaleh ametoka sokoni mapema. Nikadungia bafuni. Mengine ni ya ndani, lakini niseme tu yalikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Alilala mkono wangu ukiwa chini ya kichwa chake. Kisha akaamka kuchemsha chai, na nikamsikia jikoni akiimba.

Sikuwa nimemsikia akiimba miaka miwili.

Nikavaa kanzu nikakaa sebuleni, nimejaa furaha. Saa tisa, bado imesimama. Nikasema, ni sawa, ni dawa nzuri. Saa tisa na nusu, bado, na sasa imeanza kuuma. Adhana ya alasiri ikanikuta hapo hapo, na msikitini kwa hali hiyo siendi.

Nikazunguka nyuma ya nyumba mara kumi. Bado. Nikatoa kwenye friza pakiti ya maini yaliyoganda, nikafunga na taulo, nikajiwekea. Msijaribu. Ngozi ilikufa ganzi na maini yakaanza kuyeyuka.

Saa kumi, boda boda ikalia getini.

Mama mkwe!

Ametoka Kanja na kiondo cha nduma na ndizi, bila simu, maana mama kwenda kwa mwanawe hapigi simu.

Wenye wake wa Embu wananielewa. Mama mkwe kwetu ni heshima ya kuogopana. Humpi mkono umekaa. Unasimama, unampokea mzigo, unamtafutia kiti, ndipo mnaulizana habari za shamba na za mvua. Miaka ishirini na sita sijawahi kukosea hata siku moja. Yeye husema kwao mkwe bora ni yule Mwislamu.

Akaingia. Nikavuta mto wa sofa nikaupakata.

"Mwanangu, muko salama?"

"Salama, mama. Karibu sana."

Nikabaki nimekaa.

Mkono wake ukabaki hewani, kiondo kwenye mkono mwingine. Akanitazama. Nikatazama nduma. Mwisho akaweka mzigo chini mwenyewe, akaenda jikoni, na nikamsikia akimuuliza bintiye kwa Kiembu, polepole, kama kuna mtu ambaye yeye mama amemkosea hapa nyumbani. Nimekula kwao miaka mingi, Kiembu nakisikia.

Wimbo wa jikoni ukakatika.

Saa kumi na moja na nusu, mke wangu akaniita chumbani. Nilikwenda nimeinama na mto wangu mbele. Akafunga mlango.

"Wewe Baba Swaleh! Mama yangu ametoka Kanja na nduma kwa mgongo, na unamsalimia ukiwa umekaa kama ni mtu amekuja kuuza mitumba? Amekukosea nini?"

Nikaondoa mto, nikainua kanzu.

Akaangalia. Akaniangalia usoni. Akaangalia tena.

"Kwani hiyo maneno haikuisha ile saa ya mchana?"

"Haijaisha."

"Na inauma?"

"Inauma sana, Wawira." Wawira ni jina la kwao. Silitumii ila nikizidiwa.

Nikamwambia yote. Embu, sindano, kopo la chanjo, mstari mwekundu, kilo. Nikampa karatasi ya daktari. Akavaa miwani, akasoma mpaka chini, kidole kikakoma kwenye zile herufi kubwa.

"Imeandikwa masaa nne. Ulijidunga saa ngapi?"

"Saa nane kasoro robo."

"Na sasa ni saa ngapi? Vaa viatu."

"Tungoje kwanza mama aende."

"Mama anakaa mpaka Jumatatu!"

Nikamwomba anipeleke Embu. Akasema Embu ni mbali na mwili haungoji. Akamwambia mama yake nina shida ya tumbo. Yule mama, mkono wake nikiwa nimeuacha hewani, alikimbia jikoni kunikorogea uji. Tulimwacha mlangoni ameshika kikombe.

Mke wangu aliendesha pickup mimi nikiwa nimelala ubavu kwenye kiti. Kila shimo la barabara nililijua kwa jina. Hospitali, yule wa mapokezi ni mteja wangu wa matumbo. "Aaa, Baba Swaleh wa bucha! Shida ni nini leo?" Kwa sauti, na benchi limejaa.

Mama Swaleh akainama kwenye dirisha. "Ni dharura ya wanaume. Masaa nne imepita. Sitairudia mara ya pili."

Nikaingizwa mara moja.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole. Hakucheka. Akapima presha, akanipa ganzi, akaingiza sindano pale pale akaanza kuvuta damu.

Wakuu, mimi damu naijua. Ndiyo kazi yangu. Damu ya mnyama mzima ni nyekundu, inaruka. Ile iliyokuwa inatoka kwangu ilikuwa nyeusi na nzito, kama ya mnyama aliyekufa kabla ya kisu kumfikia. Nyama ya namna hiyo mimi huikataa, simuuzii mtu. Nilipoiona ikitoka ndani yangu nikaelewa kila kitu bila kuelezwa. Nikalia kwa sauti. Mke wangu alinishika kichwa akanigeuzia kwake nisiangalie.

Daktari akarudia kuvuta. Akanidunga dawa nyingine ya kushusha, huku mashine ya presha ikinibana mkono kila dakika chache. Mwisho ikatulia.

"Mzee, ulipima dawa aje?"

"Kwa kilo, daktari. Kama mbuzi."

Akavua glavu. "Hii dawa haijui kilo, mzee. Kuna mtu mwembamba anahitaji nyingi, na mtu mnono anatosheka na tone. Ndiyo maana dozi inatafutwa hospitali, na inapandishwa polepole na daktari. Damu ikikaa pale masaa mengi bila kuzunguka, nyama ya ndani inaanza kufa. Tuseme ungelala nayo hivyo mpaka asubuhi. Ungeamka, lakini hiyo pengine haingeamka tena."

Alipotoka tukabaki wawili. Mama Swaleh alikuwa bado ameshika ile karatasi, imekunjwakunjwa.

Akasema, bila kunitazama, "Kumbe ulikuwa unaenda Embu kwa daktari."

"Ndiyo."

"Mimi nilijua uko na mtu Embu."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Miaka mbili nimejua uko na mtu. Nilikuwa nangoja tu siku utaniambia nifunge nguo nirudi Kanja. Leo mchana nikafikiria umemuacha. Ndiyo maana nilikuwa naimba."

Wakuu, hapo ndipo sindano iliponiingia kweli. Mimi nilienda kwenye sofa kwa aibu nikidhani namlinda. Kumbe kila nilipojifunika lile blanketi, yeye upande wa pili wa ukuta alikuwa ananiaga.

"Wawira, mtu gani wa Embu angenitaka mimi, na hizi kilo?"

Akaanza kucheka. Kiti hakikuwepo, akakaa chini sakafuni, akacheka huku analia. Nesi akaja kuangalia nani anakufa.

Tuliruhusiwa usiku huo huo, baada ya kuangaliwa. Kufika nyumbani nikaona sofa iko tupu. Mto uko mahali pake. Blanketi halipo.

Mama mkwe akatoka jikoni na ule uji, amepasha moto. Nikasimama wima, wakuu, nikampokea kikombe kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha wa mchana.

"Mgonjwa halali kwa kiti," akasema. "Blanketi yako nimepeleka kwa kitanda."

Sijui alijua kiasi gani. Sitauliza. Lakini blanketi halijarudi sebuleni mpaka leo.

Wiki iliyofuata tulikwenda Embu wote wawili. Daktari alinikaripia sawasawa, akanipumzisha wiki nyingi, na kwa muda huo hatukujua kama kitu kimeharibika au la. Nilikuwa naogopa, lakini naogopa nikiwa kitandani, na mtu wa kumwambia yuko. Alhamdulillah, hakikuharibika. Tukaanzishwa upya hapo kliniki, kutoka chini kabisa, na dozi yangu ya leo iko chini hata ya ule mstari niliouita wa kuku.

Anayepima ni Mama Swaleh. Anavaa miwani, anainua bomba kwenye mwanga, ananiambia, "Wewe pima nyama. Hii nitapima mimi." Na zipo siku tunaisahau chupa kwenye friji, tunaongea tu mpaka usingizi. Hizo nazo nilikuwa nimezikosa.

Nilichojifunza nitakisema kwa ufupi, maana mnachoka.

Sindano hii si uchawi wala si sumu. Imenisaidia. Lakini usiinunue kwa mtu wa simu wala wa mkoba. Ipate kwa daktari, na ya kwanza udungwe mbele yake. Mwambie magonjwa yako yote na dawa zako zote, hasa za moyo na za kufanya damu iwe nyepesi, na kama una selimundu, yaani sickle cell, usinyamaze. Usiongeze hata tone kwa akili yako. Masaa manne yakifika, usingoje mgeni aondoke, awe mama mkwe au nani.

Na mwenzako ajue. Hilo daktari aliniambia siku ya kwanza, nikaliruka kama shimo la barabara.

Waliopitia haya njooni mseme, hata kwa jina la kuficha. Wenye aibu inbox iko wazi. Madaktari mliomo humu, nilipokosea nisahihisheni.

Ila swali la "nidunge kiasi gani" msiniulize mimi. Mimi najua ya mbuzi tu.